Kuna Mtu Juu ya Nguzo

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikifumba macho naiona. Nilikuwa kijana, na sisi majirani hapa Kianjokoma tulikuwa tumechimba mfereji kutoka mtoni, tukaweka mtambo mdogo wa kuzalisha stima. Tulitaka iingie kwenye laini kubwa ya stima ya nchi, ifike mbali. Injinia akaja, akapima, akatuambia taratibu, "Laini hii imejaa. Miradi iliyowatangulia imeijaza hadi shingoni. Ngojeni ijengwe nyingine."

Tukangoja. Mvua ikaja ikapita, mto umefurika, mtambo wetu umelala. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini kijana husikia methali kama anavyosikia upepo.

Alasiri moja stima ikapotea kijiji kizima. Rafiki yangu Ireri akaruka juu.

"Nyaga, leo ndiyo leo! Laini haina kitu. Tuwashe yetu, watu waone!"

Nyaya tulikuwa tumeshaziunga kwenye laini kisirisiri. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi mama yangu alipoingia, kikapu cha majani ya chai mgongoni.

"Mnafanya nini?"

"Tunawasha stima, mama."

"Mnawasha, na kuna fundi kijana juu ya nguzo pale chini, ameshika waya? Nimetoka kumpa maji sasa hivi."

Akautoa mkono wangu pale polepole, kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto. "Huyo naye ana mama yake, Nyaga. Mlimuuliza nani?"

Tulizikata zile nyaya, tukateremka. Fundi alikuwa ameshuka, anakunja kamba yake. Akatusalimu vizuri tu: "Poleni, wazee. Stima inarudi saa hii." Ireri, ambaye kijiji kizima kilimjua kwa maneno mengi, akageuka akalia. Mimi niliishika ncha ya pili ya kamba, nikamsaidia fundi kuikunja.

Tangu hapo stima yetu ilisaga mahindi ya kijiji na kupoza maziwa, basi. Laini mpya ilichukua miaka kufika. Ilipofika, mafundi wenyewe walituunganisha, wakaweka na chombo cha kuutenga mtambo wetu na laini kila laini inapozimika.

Sasa wewe, mwanangu, una paneli zako za jua huko Mitunguu, nawe umeambiwa laini imejaa. Najua inavyouma kuona jua likizama bure. Ngoja, lakini usilale. Stima hiyo ivute maji yanyweshe migomba yako, na ofisini kwa watu wa stima usiache kubisha mpaka wakueleze mpango wao. Ila usijiunge kwa siri, hata kwa saa moja. Waya ukiwa kimya, huenda kuna mtu ameushika.

Mungu akupe subira isiyo uvivu. Abariki kazi ya mikono yako, na mwangaza wako usije ukamliza mama wa mtu.