Nilichomelea Keria kwenye Baiskeli ya Mbio, Akaanguka Rafiki Yangu

Nimekosa. Nalisema mapema ili mtu asisome mpaka chini akitafuta wa kulaumiwa. Si shetani, si umaskini, si mume wangu. Ni mimi!

Lakini kosa langu si lile mnalonisema bombani mkipanga foleni ya maji. Nyinyi mnasema kosa ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni kupanda baiskeli ya kuinama. Hilo siliungami leo wala siku ya kuzikwa. Kaeni niwaambie lile lenyewe.

Mimi ni Mkongomani, naishi hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, nina binti ambaye bado ananyonya. Jirani yangu ni Mrundi, msusi wa nywele. Nitamwita Mama Divine, ingawa si jina lake. Sisi wawili tulikuwa tunapeleka unga wa muhogo soko la Isingiro, tukiubeba kichwani kama punda wasio na mkia. Ukipanda bodaboda, faida yote anaondoka nayo dereva. Tulitaka baiskeli, basi.

Mama Divine alikuwa anawasuka wake wa Hajji mmoja wa Nyamityobora, pale Mbarara, anayeuza mivumba, vile vitu vilivyotumika Ulaya vikaletwa huku. Siku moja nilimsindikiza. Nyuma ya duka, chini ya magodoro, tukaona baiskeli ya mbio imelala, imekula kutu. Usukani, sisi tunauita gido, ulikuwa umepinda kwenda chini kama pembe za kondoo dume.

"Chukueni," Hajji akasema. "Watu wa hapa wanataka ya kubeba matoke. Hii inanizibia njia tu."

Tukaichukua! Nani angekataa?

Stika zilikuwa zimebanduka zote, haina hata jina. Mimi kichwani nilishaamua ni ya bingwa fulani, tutamuuzia mzungu, tutajenga nyumba ya bati. Nilitoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa nikaibandika kwenye fremu. Ikanata pwaa! Chuma. Rimu nazo chuma. Magurudumu yamefungwa kwa nati za kawaida za spana. Vijiti vya kubadilishia gia viko kwenye bomba la chini, mtindo wa zamani. Na kule nyuma, karibu na ekseli, kulikuwa na vitobo vidogo vya skrubu.

Vile vitobo ndivyo vilivyoniamsha usingizini. Baiskeli ya bingwa haihitaji kufungwa keria ya kubebea mzigo. Vitobo vile ni vya mtu wa kawaida, mwanafunzi labda, wa kufunga kikeria chepesi na begi lake.

Mama Divine akainyanyua ajaribu uzito. "Bingwa gani huyo? Ina uzito kama mume wangu akirudi amelewa!"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

"Ni baiskeli ya mtu anayeanza," nikamwambia, roho imeniuma kidogo.

"Basi ni yetu. Na sisi tunaanza."

Tuliisugua kwa majivu na limau mpaka chuma kikaanza kung'aa. Cheni tukailaza kwenye mafuta ya taa. Bomba la kiti lilikuwa limeng'ang'ania ndani ya fremu, tukalimwagia mafuta, tukalipiga kwa mti, tukalitukana Kirundi na Kiswahili, siku moja likakubali. Tairi nyembamba zile zilitutesa kuzipata, Mbarara nzima wanakuuliza kama una wazimu, mpaka Hajji mwenyewe alipotuokotea jozi kwenye mzigo mwingine. Kikeria chepesi tukakifunga kwa skrubu kwenye vile vitobo, kama ilivyokusudiwa. Kilibeba unga kidogo tu, lakini tulikwenda na kurudi haraka, tukarudia tena.

Jamani, baiskeli ile ilikuwa inakimbia! Ndani ya kitenge navaa suruali, mtoto mgongoni, naishika chini kwenye zile pembe, upepo unaniingia masikioni. Tangu nitoke kwetu sijawahi kujisikia mwepesi vile.

Ndipo midomo ikafunguka.

"Mama, unainamia nani?" kijana mmoja alinipigia kelele bombani. Watu wakaangua kicheko.

"Ile si kinga ya kazi, ni mapambo! Inabeba nini? Matako tu!" mwingine akadakia. Kinga kwetu Wakongomani ni baiskeli.

Hata mama mkwe wangu, na yeye ni mtu mpole, aliniita kando. "Mukwe wangu, batu banaongea mingi. Mutoto wangu alioa mwanamuke ao alioa mutu wa mashindano? Hii kinga ikuwe kama za wengine, tupumue."

Ikuwe kama za wengine. Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo. Mimi niliyesoma sekondari, ninayejiita jasiri, nikaogopa vicheko vya watu wenye madumu!

Mama Divine alipokwenda Mbarara kusuka, nikaisukuma baiskeli peke yangu mpaka kwa mchomeleaji wa sokoni. Nikamwambia toa hiki kikeria, weka keria kubwa ya nondo, kama za wabeba matoke. Chomelea moja kwa moja kwenye fremu.

Mnajua hapa kwetu ndivyo tunavyofanya. Baiskeli nyeusi kubwa ikifika, kabla haijapata vumbi, tunaichomelea nondo. Hatuulizi.

Yule mchomeleaji aligonga fremu kwa ukucha. "Dada, hii bomba ni nyembamba. Itatoboka."

"Choma tu!"

"Si ina fasi ya skrubu hapa?"

"Nimesema choma! Baiskeli ni yako?"

Akachoma. Ikatoboka, akaziba. Ikatoboka tena, akaziba tena. Mimi nimesimama pale naona moshi, na bado nikanunua rangi nyeusi nikapaka juu. Gido la kondoo nikalitoa nikalisukumia chini ya kitanda, nikaweka la kunyooka. Nilipopita bombani, hakuna aliyecheka. Nikaona nimeshinda! Mjinga mimi.

Mama Divine aliporudi aliitikisa ile keria kwa mikono miwili.

"Umeifanya nini?"

"Nimeiimarisha."

Akapitisha kidole pale pa kuchomelea. "Imetoboka?"

"Hapana."

Huo ndio uongo wa kwanza. Baiskeli ilikuwa yetu wote wawili, mikono yake ilichubuka kwa kutu ile kama yangu, na sikumwuliza wala sikumwambia.

Uongo wa pili ni mbaya zaidi. Siku nikiiosha niliona mstari mwembamba wa kutu umepasua rangi, chini ya kiti, pale palipochomelewa. Nilijua ni nini. Ningesema, ingebidi niseme yote. Nikachukua kopo la rangi, nikapaka.

Kesho yake Mama Divine akafunga gunia zima, maana sasa si tuna keria kubwa! Kwenye mteremko wa kuingia Isingiro yale mabomba mawili ya nyuma ya fremu, yaliyochomelewa keria, yalikatika. Keria ikaangukia gurudumu, gurudumu likakwama, na yeye akaruka akatua kwenye changarawe kwa mkono wa kulia.

Mkono wa msusi!

Kiwiko kilipona. Kifundo cha mkono kiliunga vibaya, kimepinda. Nywele nzito anaziacha njiani, vidole vinakufa ganzi.

Na nyinyi bombani mlifurahi. Msikatae, nilikuwepo na dumu langu! "Tulisema! Mwanamke hajui breki. Alifikiri yuko Ulaya." Halafu mama mmoja akanigeukia. "Si ndiyo, mama mtoto? Alishindwa breki?"

Nikajibu, "Labda."

Labda! Breki nilizifunga mimi mwenyewe, zilikuwa zinashika kama mbwa. Neno dogo hilo ndilo linaloniamsha. Nilimwacha mwenzangu achekwe kwa kosa langu, aitwe mzembe zone nzima, na mimi nikajaza dumu nikaenda kupika.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nilimkuta mlangoni kwake anajaribu kumsuka binti yake mdogo, uzi unamponyoka. Nikapiga magoti nikamwambia yote: mchomeleaji, mstari wa kutu, rangi, labda.

Hakulia. Aliendelea na ule msuko mpaka mwisho.

"Nilijua ya mstari," akasema. "Rangi mbichi inanuka. Nilifikiri umetengeneza ndani kwanza."

Mngenipiga mawe nisingesikia vile.

"Nisamehe, dada."

"Unaniambia mimi niliyekuwa chini? Mimi sikujicheka. Nenda uwaambie waliokuwa wamesimama."

Ndiyo maana naandika. Mama Divine hakushindwa breki! Anaendesha vizuri kuliko wengi wenu wenye ndevu. Aliangushwa na aibu yangu, na aibu hiyo mliipika nyinyi nikaila mimi kwa kijiko kikubwa. Sehemu yangu nimeibeba. Yenu iokoteni.

Fremu niliipeleka Mbarara, kwa fundi wa Kamukuzi anayeunga kwa shaba na gesi, moto mpole. Nondo zote zimekatwa. Mabomba ya nyuma yametoka kwenye baiskeli nyingine iliyokufa. Rangi nyeusi nimeikwangua yote, ili ufa ukitokea uonekane. Gido la kondoo limerudi mahali pake. Nilimpelekea Mama Divine aikague. Akaizunguka, akabonyeza breki.

"Sijakusamehe," akasema. "Na hii ya kushoto inalia. Tengeneza."

Nimetengeneza.

Wewe unayesoma, kama umepata baiskeli ya chuma ya zamani, ijue kwanza kabla hujaigusa. Weka sumaku, tazama maungio, tafuta vitobo. Ikiwa na fasi ya skrubu, funga skrubu. Ukiona ufa, mwite anayeipanda umwonyeshe kabla hujagusa kopo la rangi! Na ukiona kitu chako kinakimbia vizuri, usikivunje ili majirani wapumue.

Mtasema, mbona umeficha jina lako? Nimeficha nini? Nakivale nzima kuna gido la kondoo moja tu. Kesho mchana litapita bombani, nimeliinamia, mtoto mgongoni. Aliye na kicheko kilichobaki, akitoe nikiwa pale. Breki zinashika. Nitasimama.