Shangazi Tildy Anaondolewa kwenye Boksi

Earline Tolbert alikuwa mpishi wa shule hapa Pine Bluff, kusini mwa Marekani, mpaka magoti yalipomshinda, na tangu nimfahamu hajawahi kununua unga wa pankeki wa dukani. Majirani tulijua sababu. Mama yake, Ozella, aliajiriwa na kampuni moja ya unga enzi za ubaguzi, akazungushwa kwenye maonyesho ya kilimo huku kusini, amefungwa kilemba chekundu, anakaanga pankeki na kuwachekea watu. Jina lake la kazi lilikuwa Shangazi Tildy, lile lile la kwenye boksi la unga. Wazungu wa wakati ule walimwita mwanamke mweusi shangazi ili tu wasimwite Bibi Fulani. Pesa zile ndizo zilizojenga nyumba anayokaa Earline. Utotoni, wenzake shuleni walimwita Pankeki.

Mwaka ule wa barakoa za korona, maandamano ya kupinga ubaguzi yalipopamba moto, kampuni ikatangaza kwamba inaondoa jina la Shangazi Tildy na ile picha ya mwanamke wa kilemba kwenye boksi. Roosevelt, mdogo wake, alishangilia. Earline akazima televisheni.

"Miaka yote hiyo hawakuona, leo ndiyo macho yamefunguka?"

"Dada, wewe hata malaika akibisha hodi utamdai kitambulisho."

"Na nitakisoma mbele na nyuma."

Haukupita muda, hodi ikabishwa kweli. Alikuwa binti mweusi, Danielle Pruitt, mfanyakazi wa kampuni, na nyuma yake mpiga picha. Walitaka kupiga filamu fupi kuhusu familia. Earline aliwaweka kibarazani na mlango wa wavu akaufunga.

"Bi Earline, tunataka watu wamjue mama yako, Bi Ozella."

"Nani kakupa jina hilo?"

"Limo kwenye kumbukumbu za kampuni, mama."

"Kumbe mlikuwa nalo siku zote."



Roosevelt alimbembeleza sana dada yake mpaka akakubali. Lakini kwanza Earline alimvuta jikoni. "Sikiliza. Neno fupi wanalikata, wanalibandika wanapotaka. Hawatanisikia nikisema nimefurahi. Nitasema maneno marefu, washindwe pa kukata."

Ndivyo alivyofanya. Mbele ya kamera alisema kwamba mama yake alipenda kupika na alikichukia kile kilemba, na kwamba alikuwa akikivulia chooni kwenye treni kabla ya kushuka ili wanawe wasimwone nacho, na kwamba kufuta jina ni sawa lakini angependa kujua ni weusi wangapi wanaokaa kwenye meza ya wakubwa wa kampuni, na kwamba... Hakupumzika hata kidogo.

"Vuta pumzi, dada, utazimia!" Roosevelt akapiga kelele kutoka nyuma ya kamera.

Earline akaangua kicheko.

Filamu ilipotoka, ilikuwa na muziki wa kinanda na picha za zamani. Hapakuwa na neno lake hata moja. Alikuwamo yeye tu, kichwa nyuma, meno yote nje, anacheka, na chini yake wameandika: Familia yasherehekea mwanzo mpya.

Aliitazama mara mbili kwenye simu ya Roosevelt. Kisha akasema polepole, "Wamenifunga kilemba."



Siku ile ile akampigia Danielle. "Toa uso wangu."

"Bi Earline, naapa, waliokata ni wakubwa huko juu. Hata mimi nimeiona leo."

"Labda. Utoe."

Haukutolewa mpaka akina mama wa kanisa letu walipopiga simu kwa zamu, mmoja akikata mwingine anapiga, hadi huko makao makuu wakachoka. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Baadaye maboksi mapya yakafika dukani, na jina jipya la mlima ambao hakuna anayeujua. Tulikuwa pamoja siku hiyo. Earline alichukua boksi moja, akaligeuza, akasoma maandishi yote ya nyuma.

"Unga ni ule ule," akasema, akalirudisha. Tulipofika kwenye gari ndipo akanieleza kwamba tangu utotoni hupita kwenye rafu za unga dukani akiwa ameinamisha macho, na leo hakuinamisha. Halafu akaongeza upesi, "Lakini usimwambie Roosevelt. Atadhani nimewasamehe."

Danielle aliacha kazi kule kwenye kampuni mwaka uliofuata. Alimpigia Earline kumsalimu tu, wakaongea muda mrefu, habari za magoti na za wazazi wa binti huko Memphis. Earline alipokata simu, Roosevelt akauliza, "Kasemaje?"

"Mtoto mzuri, ana adabu. Sasa anataka nini?"

"Hataki kitu, dada."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi."

Hata hivyo alimwalika chakula cha Jumapili, ili amwangalie machoni. Danielle akaja, amebeba maua. Earline aliyapokea, akamshukuru, akamwomba simu yake aiache kwenye gari.