Jembe Dogo na Mashoka ya Barafu

Kila mwaka mawingu yakianza kurundikana upande wa mashariki, nashusha majembe kutoka darini nayaloweka kwenye beseni. Mpini ukikaa kiangazi kizima unasinyaa, chuma kinachezacheza, na ukienda nalo shambani hivyohivyo litachomoka likupate mguuni. Ukiuloweka unavimba na kubana. Lakini jembe lisilo na mtu halilowekwi. Likishakunywa maji ukalirudisha darini bila kulifanyia kazi, mpini utapasuka, na mti mwingine kama ule hupati.

Kwa hiyo mwaka ule nililoweka langu. La mjukuu wangu nililiacha linaning'inia. Nilikuwa nasubiri aniambie kama anakuja kupanda au haji.

Mjukuu huyo nimemlea mimi. Mama yake, binti yangu, yuko Itigi na biashara yake ya asali, na mtoto alibaki kwangu hapa Unyambwa tangu alipoachishwa ziwa. Ni mdogo wa umbo. Alipomaliza shule ya msingi wageni walidhani bado yuko madarasa ya chini, wakampa pipi. Alikuwa anazipokea, anakula, hasemi kitu. Sasa yuko nchi ya baridi anasomea mambo ya udongo. Siku anaondoka nilimwambia udongo umejaa hapa, ungeusoma bure. Alicheka, akaondoka.

Misimu miwili ilipita bila yeye. Wa tatu aliniambia likizo yao itaangukia wakati wetu wa kupanda, labda atakuja. Labda ni neno baya. Mtu akikwambia haji, unafunga kanga yako unaendelea na kazi. Akikwambia labda, kila gari likipunguza mwendo barabarani unatoka nje.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe, kubwa kuliko nyumba yenyewe. Mtandao wa simu unapatikana juu yake tu, chini hakuna kitu. Alipokuwa mtoto, mjukuu wangu alishinda juu ya jiwe lile akiwinga ndege wasile uwele. Alikuwa anapanda pekupeku upande wenye mteremko mkali, ule ambao hata mbuzi anaufikiria kwanza. Nilimchapa kwa ajili ya kupanda upande ule. Siku ya pili alipanda tena. Sasa napanda mimi, upande wa polepole, simu nimeifunga kwenye pindo la kanga, ili nimwone.

Siku ninayoisema, alipopiga simu, jirani yangu alikuwa amenitangulia juu anapepeta mbegu, maana upepo huko ni mzuri. Ni mjane kama mimi, na mdomo wake hauna kufuli. Simu ikaita. Nikaona uso wa mtoto, na nyuma yake ukuta mzima umetundikwa vyuma.

Akaniamkia shikamoo. Nikamjibu, "Marahaba, mke mwenzangu." Ndivyo tunavyoitana. Marehemu mume wangu alikuwa anamwita mke mdogo tangu anatambaa, anamtuma maji ya kunawa na kumsifia mbele yangu ili nikasirike. Aliyetuoa sisi wawili amelala, uke wenza wetu umebaki.

Akaniambia yuko dukani. Kuna mchezo wenzake wa chuo wamemwingiza, na yeye ndiyo anaanza kujifunza. Baridi ikikolea, maporomoko ya maji yanaganda yanakuwa ukuta wa barafu, nao wanaupanda. Mtu anashika shoka mkono huu na shoka mkono huu, miguuni amevaa viatu vyenye meno ya chuma. Anapiga moja, linashika, anajivuta, anapiga la pili.

Jirani yangu akaacha kupepeta. Akasema, "Huko hawana friji mpaka barafu wakaikate mlimani?"

Mtoto akamsikia, akamwamkia naye, akamwambia hawaikati, wanapanda tu.

"Na mkifika juu mnachukua nini?"

"Hatuchukui kitu, bibi. Tunashuka."

Jirani akanitazama mimi, kama vile ni mimi niliyemfundisha, akarudi kwenye ungo wake.

Nikamuuliza wanakwenda lini. Akajibu haraka, wakati wa likizo. Likizo ilikuwa ni ileile aliyosema labda atakuja kupanda.

Hakuniacha nikafika mbali na mawazo. Aliinua simu akanionyesha yale mashoka. Si shoka ninalolijua mimi, wala si sululu. Mpini umepinda, na chuma chake ni chembamba, kimeinama kama mdomo wa korongo. Akasema muuzaji amemtolea ya aina tatu, mengi yametengenezwa kwa watu wakubwa, naye anaogopa kubeba zito likamchosha mkono katikati ya ukuta. Kisha akasema, "Bibi, nichagulie wewe. Jembe langu ulinichagulia na halijaniumiza hata siku moja."

Ningeweza kumwambia hakuna linalokufaa, wewe ni mdogo, rudi nyumbani. Angenisikia. Huyo mtoto tangu zamani alikuwa hanisikii katika mambo madogo tu. Katika makubwa ananisikia mpaka ananitisha. Nilikaa na simu mkononi nikajua kwamba neno langu moja linaweza kumleta, na jembe lake likaingia kwenye beseni.

Lakini alikuwa ameniuliza habari ya mpini. Mtu akikuuliza habari ya mpini, usimjibu habari ya moyo wako.

Kwetu mtoto hapewi jembe mpaka asalimiane nalo. Mama yangu alinifanyia hivyo, na mama yake alimfanyia yeye. Unalishika kwenye ncha ya mpini, unanyoosha mkono mbele, na mkubwa anakusalimu salamu nzima ya kwetu: umeamkaje, wameamkaje kwenu, ng'ombe wazima, ndama wazima, maji yapo, mgonjwa anaendeleaje. Unajibu zote, hukatizi, hucheki. Mkono ukitetemeka kabla ya salamu kwisha, jembe hilo si lako, litakuua kabla jua halijapanda. Ukimaliza na mkono umetulia, tunaangalia jambo la pili: unaliinua, unaliacha lianguke lenyewe. Chuma lazima kiwe na uzito wake wa kuingia ardhini. Jembe jepesi mno linadunda, kazi yote inakurudia wewe mabegani.

Nikamwambia ashike la kwanza. Nikaona ana glavu nene, nikamwambia azivue, chombo hakishikwi na nguo. Hata kwenye jembe mtu akizungushia kitambaa namnyang'anya.

"Bibi, huko juu sivui. Nikivua vidole vinakufa."

Hapo nilikosea, na nilikuwa nimeshikilia kosa langu kwa ukali. Nikamwambia basi zibaki, na achague mpini ambao vidole vyake vinauzunguka vikakutana hukohuko ndani ya glavu. Mmoja wa ile mitatu ukaondoka palepale, mnene kama mwiko wa ugali wa msiba.

Tukabaki na aina mbili. Alinyoosha mkono na lile zito. Nikaanza kumsalimu kwa lugha ya nyumbani, polepole, mbele ya watu wa duka ambao sijui walifikiri nini. Akajibu. Tulipofika kwenye ndama mkono ukaanza kucheza, naye anauma midomo kuuficha, kama alivyokuwa anauficha akiwa mtoto. Nikamwambia weka chini.

Akashika lile jepesi. Kwanza nikamwambia alirushe kidogo hewani, nione linavyoanguka. Alisema muuzaji naye ana hofu hiyohiyo, kwamba jepesi linaweza kudunda kwenye barafu ngumu, lakini kwa hili kuna vyuma vidogo vya kufunga kichwani ukitaka lizame vizuri. Nikasema avifunge basi. Uzito ukae kichwani, kwenye mpini pasibaki kitu. Akavifunga, akanyoosha mkono upya.

Nikaanza. Umeamkaje. Wameamkaje huko uliko. Nikamuuliza habari za chakula chao, habari za masomo, habari za kifua chake ambacho tangu zamani hakipendi baridi. Mkono umetulia. Jirani yangu alikuwa ameweka ungo chini anatazama. Salamu ilikuwa imekwisha, nami ningeweza kumwambia nunua. Sikumwambia. Nikaongeza za kwangu. Nikamwambia mawingu yameanza. Nikamwambia kuku wake mweusi ametotoa. Nikamwambia sehemu yake ya shamba, ile iliyo chini ya jiwe, nimeifyeka tayari.

Akajibu yote. Mkono umetulia.

Kisha nikamuuliza, "Msimu huu unakuja?"

Hakujibu. Niliangalia shoka, sikuangalia uso, maana ningeangalia uso ningeharibu kazi. Shoka halikusogea. Lilikaa pale hewani kama limechomekwa kwenye mti, upepo unavuma kwenye simu.

Nikamwambia, "Hilo ndilo. Chukua mawili."

Akalishusha. Sasa nikamtazama usoni, nikaona anajifuta na ile glavu nene, inakwaruza. Akasema atakuja wakati wa kuvuna, ameshaomba ruhusa. Hakusema labda. Nikamwambia wakati wa kuvuna hakuna haja ya mtu mfupi, uwele unamzidi, ataishia kutafutwa shambani kama mbuzi. Akacheka, na hicho ndicho nilichotaka. Nikamwambia pia kwamba kabla ya kujivuta ahakikishe la juu limeshika. Akasema ndivyo mwalimu wao anavyowaambia. Nikasema basi msikilize. Simu ikakata.

Jirani yangu alinisaidia kushuka. Njiani akasema, "Ungemwambia tu arudi." Nikamwambia aangalie anapokanyaga.

Mvua ilipokaribia, nilishusha jembe dogo. Nilikaa nalo mapajani kwa muda. Mpini wake umelika mahali pawili, pale mikono yake ilipokuwa inakaa, pameng'aa na kuingia ndani. Nikafikiri nikiliacha darini msimu mwingine, chuma kitaliwa na kutu na mdudu atauingia mti. Nikiliazima kwa mtu, mikono yake itachimba mahali pengine. Nikalitia kwenye beseni.

Asubuhi nilikwenda nalo kwenye sehemu yake chini ya jiwe. Kabla sijainama nililishika kwenye ncha ya mpini, nikanyoosha mkono, nikaanza salamu. Niliuliza mwenyewe nikajibu mwenyewe. Jembe langu kubwa siku hizi linanishinda kwenye ng'ombe, hata kwenye ndama sifiki. Lile dogo lilikwenda na mimi mpaka mwisho. Nikaona kumbe na mimi nimepungua, na kipimo changu sasa ni kile cha mtoto.

Nilipanda sehemu yake yote kwa jembe lake. Mikono yangu ilikaa palepale palipolika. Wiki ile alinitumia picha: mtu mdogo wa jaketi jekundu, yuko kwenye ukuta mweupe, mkono mmoja umenyooka juu. Niliikuza kwa vidole nikatafuta lile shoka la juu. Chuma kilikuwa kimezama, mpini umetulia. Nikashuka kwenye jiwe nikaenda kuangalia kama uwele umeota.