Nilivyomtoza Hassan Mbuzi

Ukame ulinimalizia ngamia, na shule niliachia darasa la nne, lakini vijana wa hapa Garissa walinifundisha kuandika programu. Anayenikosea huwa simfichi, namtaja. Safari hii nilimtaja Hassan, kijana mwenzetu wa ofisini.

Tulikuwa tunarekebisha programu yetu ya kusaka makosa. Ilijaa thamani za wote, ambazo kila sehemu ya programu inaweza kuzibadilisha, kama kisima kisicho na mwenyewe. Moja ilikuwa inachafuliwa, na mchafuzi hajulikani.

"Ni Hassan!" nikafoka. "Aliyeharibu achinje mbuzi, kama desturi yetu."

"Adeer, una hakika?" akauliza Fartun, mkubwa wetu. Adeer ni ami kwa Kisomali, na ndivyo wanavyoniita wote.

"Wallahi!"

Hassan akajikunyata. Maskini, hana hata kuku.

Fartun akaifungia ile thamani ndani ya sehemu moja, ili nyingine ikiigusa, programu igome na kuitaja. Ikagoma papo hapo. Kwenye skrini likatokea jina la ngamia wangu kipenzi, nililoipa kwa fahari sehemu niliyoiandika mimi. Ofisi nzima inalijua.

Kicheko kilipotulia kidogo, Hassan alikuwa ameshika kisu cha mkate.

"Adeer, mbuzi yuko wapi?"