Ajali za Buhongwa Zilizoishia kwa Soda

Hapana, usiniambie eti kanuni ya yule injinia wa barabara ilikuwa uchawi wa Wazungu! Mimi ndiye niliyekuwa namhesabia magari, kwa hiyo nisikilize.

Miaka ile magari ya mitumba yalikuwa yameanza kumiminika Mwanza, kila mwenye duka ana pikapu. Injinia alikuwa na kanuni ya kutoka nje: unaingiza idadi ya magari ya barabara kubwa na ya barabara ndogo, inakwambia pale zinapokutana patatokea ajali kiasi gani kwa mwaka. Shule sikufika mbali, lakini hiyo niliielewa, nilimuuliza mpaka akachoka. Sasa pesa za matuta zilitosha sehemu moja tu, na kanuni ikasema yaende mjini. Polisi nao wakasema Buhongwa, kule pembeni ya mji, ajali hakuna.

Nikawaka! Dada yangu anakaanga samaki kwenye kona ya Buhongwa, na wanawe wanavuka hapo kwenda shule.

"Punguza moto, kijana," injinia akasema. "Nionyeshe hizo ajali."

Tukaenda. Hatujakaa sawa, puu! Pikapu imemgonga mtu wa baiskeli, dagaa chini.

"Rimu umeipinda wewe, utainyoosha wewe!" jamaa akafoka huku anajipangusa.

Dada akaacha kikaango, akaamua kesi: dereva anyooshe rimu, anunue soda, na dagaa waokotwe. Watu wakaokota wakicheka, kila mtu akashika njia yake.

"Polisi hawaitwi?" injinia akauliza.

"Waje kufanya nini, shemeji, na watu wameshapatana?" dada akajibu. Shemeji! Hata posa hajaleta.

Injinia akacheka mpaka akashika nguzo. Halafu akauliza kona nzima, nani kagongwa hapa mwaka huu?

"Mimi mara mbili!"

"Mbili tu? Mimi, na ng'ombe wangu!"

Basi kanuni hakuitupa. Aliongeza baiskeli, akalinganisha ajali ilizotabiri na hizo za kweli, akapandisha hesabu yake ya kona ile.

"Hii ni kama shati la mtumba," akaniambia. "Zuri, ila lazima fundi alirekebishe likukae."

Buhongwa ikaupita mji kwa ajali, matuta yakaja. Dada akalalamika kwamba malori yakipunguza mwendo yanampulizia moshi kwenye samaki, lakini wanawe wanavuka bila kushikwa mkono.

Haya, wewe unayebisha: ajali yako mliyoimaliza wenyewe barabarani, nani aliihesabu?