Saruji Kwenye Ukuta wa Lilinga

Mimi ndiye niliyepaka ile saruji, na nalisema wazi asije mtu akamlaumu Emerensiana. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, mimi Sila, fundi mwenye akili timamu.

Emerensiana, ambaye sote tunamwita Mama Linus, ndiye fundi mkuu wa lilinga letu, ngome ya wazee iliyo juu ya kilima ng'ambo ya Uwemba. Ukuta wake wa mawe na udongo umebaki hatua arobaini tu. Kazi alifundishwa na baba yake, na huu ni mwaka wa tatu anaziba nyufa. Udongo wa kichuguu anauloweka pamoja na samadi na nyasi zilizokatwakatwa, anauacha majuma mawili mpaka unanuka, ndipo anaugusa. Tabaka moja kwa siku, basi. Ukimharakisha anakutupia donge. Mimi nimeshapigwa mawili, moja la sikio.

Na ana haki. Maji yakiingia kwenye ukuta wa udongo lazima yapate kutoka. Ukiufunika kwa saruji yananaswa ndani, udongo unalegea, na siku moja ukuta wote unashuka. Hili analijua kila mwanamke wa Kibena aliyewahi kukandika nyumba. Lenard, msimamizi wa mradi wa kukarabati ngome, aliyetujia na kofia ngumu na michoro, hakulijua na hakutaka kulijua.

Novemba tukatangaziwa kwamba mgeni rasmi atakuja Jumamosi. Lenard akasubiri Mama Linus aende Makambako kumzika shangazi yake. Alipoondoka tu, mifuko thelathini ya saruji ikashushwa. Thelathini!

"Sila, paka. Nataka ukuta uonekane mpya."

Nikasema Mama Linus atakasirika. Akasema mradi si wa Mama Linus. Nikapaka. Alhamisi ikanyesha mvua kubwa, maji yakaingia kwa juu, na Ijumaa nikaziba hata huko juu. Woga wangu huo sina jina la kuupa.

Jumamosi kwaya inaimba, mgeni amekaa chini ya turubai, Mama Linus akatokea na kanga yake ya msibani kiunoni. Akapita mbele ya meza kuu bila kusalimia, na huku kwetu hilo peke yake ni kesi. Akaweka kiganja ukutani. Kisha akatoa nyundo na tindo kwenye kikapu.

"Mama, unaharibu malikale!" Lenard akafoka.

"Malikale gani? Hii ina siku ngapi?"

Akagonga. Bamba la saruji likabanduka, na nyuma yake udongo ukamwagika mwepesi kama uji, ukafika kwenye viatu vya mgeni. Akachota kiganja kizima akampelekea Lenard.

"Shika. Shika uone ulichofanya."

Hakushika. Akaita mgambo, wakamkokota mwanamke aliyetoka kuzika mpaka ofisi ya kijiji, eti kwa kosa la kuharibu malikale. Damu ilinichemka. Mharibifu nilikuwa nimesimama palepale na fulana ya mradi, na hakuna aliyenigusa hata ukucha!

Nikaokota nyundo na tindo, nikaendelea pale alipoachia. Lenard akatishia kuninyang'anya kibarua. Nikamwambia akichukue aende nacho. Wageni wakatawanyika. Niligonga mpaka saa kumi, nikilia kwa hasira, na nyingi ilikuwa ya kujichukia.

Saa kumi hiyo walimwachia, maana mtendaji wa kijiji alichoshwa na kelele zake. Hakupitia nyumbani. Alikuja moja kwa moja kilimani, akatazama nilipobandua, akaninyang'anya tindo.

"Kwa nini unaanzia juu, mjinga wewe? Anza chini, maji yapate pa kutokea! Au unataka kuumaliza kabisa?"

Nikapiga magoti kwenye tope. Akanirudishia tindo, akasimama nyuma yangu, na kila nilipokosea akanitukana.