Fungu la Chombo

Nilimaliza shule ya jioni pale Migori nikiwa na umri ambao wenzangu tayari walikuwa na wajukuu. Hapo naongeza chumvi. Walikuwa na watoto wa kutosha kuunda timu ya mpira, basi. Tulisoma chini ya karabai moja iliyowaita wadudu wote kuanzia Ogwedhi hadi ziwani, na mwalimu ilimbidi apaze sauti ili mabawa yao yasimshinde. Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa uraia. Uhuru ulikuwa bado unanukia rangi mpya, na kila mtu alitaka kujua hii serikali ya majimbo ni mnyama wa aina gani. Mimi nilijua. Nilijua hata mambo ambayo walioandika katiba yenyewe, nadhani, walikuwa wameshayasahau.

Ujuzi huo ndio ulionipa kazi. Kanso, ndivyo tulivyoliita baraza la wilaya lenye ofisi zake Homa Bay, iliniajiri niwe karani wa ushuru wa samaki. Kwa kuwa mama yangu alizaliwa kisiwani Mfangano, nikatumwa huko huko. Mkubwa wangu aliamini kwamba hakuna mtu atakayemnyima ushuru mtoto wa dada yake. Hakuwajua wajomba wa kwetu. Mtoto wa dada, okewa kwa Kiluo, wanamlisha mpaka ashindwe kuinuka, kisha wanamcheka kwa kuwa ameshindwa kuinuka.

Siku yangu ya kwanza ufukweni nilipanda juu ya sanduku nikawahutubia wavuvi. Niliwaambia kwamba fedha za forodha zinaingia Nairobi. Nairobi inakata sehemu na kulipa jimbo, kule Kisumu. Jimbo linakata sehemu na kuipa kanso. Na kanso inachanganya sehemu hiyo na ushuru wa samaki na kodi ya kichwa, ndipo inamlipa dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati yenu, na kununua dawa zake. Nilitumia maneno makubwa. Samaki wenyewe nafikiri walifumba macho.

"Okewa," kijana mmoja akauliza, "huyo Nairobi anajua kuogelea?"

Walicheka. Mjomba wangu hakucheka. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, mwenye chombo chake mwenyewe, mtu wa maneno machache, na ufukwe wote ulimsikiliza.

"Acheni mtoto aseme," akawaambia. Kisha akanigeukia. "Hayo unayosema ni fungu la chombo. Ungesema hivyo tu tungekuelewa zamani."

Kwao samaki wakishushwa hugawanywa pale pale mchangani. Fungu la kwanza ni la chombo, linawekwa chini ya omo, mbele ya chombo. La pili ni la nyavu. Yanayobaki ni ya watu, kila mmoja na lake. Mwenye chombo anachukua fungu lake hata kama hakutoka nyumbani siku hiyo, na hakuna anayemwonea kijicho, kwa sababu fungu lile si la kuliwa tu. Ndilo linalonunua misumari na mbao. Chombo kikianza kuvuja, hata mtu mmoja ikambidi aache kuvuta wavu akachota maji, wavuvi wana haki ya kulizuia fungu hilo. Wanaliuza wenyewe, wananunua mbao, wanaziba. Kikikauka, fungu linarudi kwa mwenyewe. Huo si wizi wala ugomvi. Mjomba mwenyewe aliwahi kuzuiliwa lake msimu mzima, na jioni alikuwa akila ugali na hao hao waliomzuilia.

Nilifurahi kwamba wameelewa. Walilipa ushuru vizuri, na mimi Homa Bay nilisifiwa kama aliyegundua ziwa.

Halafu fedha zikakwama. Kanso ilisema jimbo halijatuma. Jimbo lilisema Nairobi haijaachilia. Nairobi sijui ilisema nini, maana sauti yake haikutufikia. Tulichokiona sisi ni zahanati ya kisiwa ikibaki na bandeji na dawa ya macho, na dresa akikaa bila mshahara, akila kwa watu.

Na palikuwa na mtu aliyemhitaji dresa huyo kuliko wote. Binti wa mjomba, ambaye kwetu ni dada yangu kabisa, alikuwa na mimba. Ile ya kwanza ilimwishia ndani ya mashua, katikati ya maji, wakimkimbiza Homa Bay katika upepo mbaya. Tangu hapo aliapa kwamba hatavuka tena akiwa na mimba. Dresa alikuwa anamwangalia kila wiki. Alimwambia mtoto amekaa vibaya, lakini akiitwa mapema anaweza kumgeuza.

Ndipo mjomba alipodai haki ya kulizuia fungu la chombo. Nilipokuja kuchukua ushuru nilikuta bati la biskuti limewekwa juu ya meza ya zahanati, na ushuru wote ukiwa ndani.

"Hatukukatalii, okewa," akasema. "Chombo kinavuja. Tunalipa dresa kwanza."

"Nera," nikamwambia, yaani mjomba, "serikali si mashua."

"Wewe ndiye uliyekubali kwamba ni mashua."

Nilirudi Homa Bay mikono mitupu. Niliwaza njia nzima nitasema nini, na nilipofika nilisema ukweli, kwa sababu uongo ungehitaji akili zaidi. Wakubwa hawakupendezwa. Watu wanaojitoza ushuru na kujilipia mfanyakazi wa serikali ni jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote. Wiki iliyofuata ofisa wa fedha alikwea boti ya injini akiwa na askari wawili, na mimi nikiwa nyuma kama ndoo.

Ofisa alikuwa mgeni upande wetu, hakujua Kiluo, kwa hiyo walizungumza kwa Kiswahili. Nilitegemea makelele. Hayakuwepo.

"Mzee, nani alikupa ruhusa ya kumlipa huyu?" ofisa akauliza, akimwonyesha dresa.

"Hakuna," mjomba akajibu. "Pesa iko hapa, bwana. Hakuna hata senti imepotea, isipokuwa ile dresa amekula. Chombo ilikuwa inavuja."

Ofisa akanitazama. Nikamweleza desturi ile, safari hii kwa maneno madogo. Akakaa kwenye ukingo wa mashua iliyopinduliwa, akavua kofia.

"Hiyo sheria yenu ni nzuri," akasema. "Sasa nikuulize, mzee. Kama tundu liko tezi, na wewe umekaa omo mahali pakavu, fungu linaziba wapi?"

"Kwenye tundu."

"Basi tundu kubwa liko Lambwe, kule bara. Kule kuna mbung'o. Ng'ombe wao wamekwisha, na watu wanashikwa na usingizi hawaamki. Hawana samaki nije kuwatoza, hawana mnyama wa kupeleka mnadani. Muuguzi wao analipwa na samaki wenu. Pesa ya jimbo haijafika. Mkishika ushuru huu, ni yeye anayefunga mlango."

"Na tukitoa, dresa wetu anabaki?"

Nilimwona ofisa akitaka kusema uongo. Ungekuwa rahisi, na boti ilikuwa inamngoja.

"Hapana," akasema. "Haitoshi wawili. Nimeambiwa nifunge zahanati moja, na huku wagonjwa ni wachache."

Yule kijana aliyeuliza habari za kuogelea akaingilia. "Kwa hiyo tunalipa ili tufungiwe."

"Ndiyo. Ndivyo ilivyo."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alitazama upande wa nyumba ya binti yake, ambako moshi wa jiko ulikuwa unatoka.

"Mwezi mmoja tu," akasema. "Binti yangu ajifungue. Tutamlisha sisi."

"Akibaki baada ya kuamriwa, anafutwa kazi."

Wote tukamwangalia dresa. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. "Baba," akamwambia mjomba, "nina watoto shuleni."

"Najua. Nenda."

Mjomba akaingia zahanati, akatoka na lile bati, akaliweka mikononi mwa ofisa. Ofisa alilipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea kitu kwa mkubwa.

Nilikimbia kwa dada. Nilimkuta anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Nikamwambia boti ya serikali ni kubwa, ina injini, haijui upepo, inakwenda kama risasi, na dresa yumo ndani. Aje nayo, akae chumbani kwangu mpaka siku yake ifike. Nilizidisha kila kitu. Ile boti niliipamba mpaka ikawa meli ya malkia.

"Ziwa lina mtoto wangu mmoja," akasema. "Sipeleki wa pili."

"Dresa anaondoka."

"Nimesikia." Akaendelea kuchambua. "Wewe nenda, usiachwe. Na uache kuhangaika, kaka, unanitia njaa."

Kabla sijapanda boti nilimuuliza mjomba kwa nini ametoa. Hata ofisa, nafikiri, alikuwa amejiandaa kurudi bila kitu. Mjomba alishika ukingo wa boti.

"Zamani alikuja mtu wa Lambwe kununua samaki wakavu," akasema. "Akasinzia amesimama, samaki mkononi. Tulicheka sana. Tukamwita mvivu, watoto wakamwigiza. Baadaye tukasikia amekufa kwa ugonjwa huo wa usingizi." Akaisukuma boti kwa mguu. "Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote."

Dada alishikwa na uchungu kabla mwezi haujaisha. Wakunga wa kisiwa walifanya yote waliyoyajua, na walijua mengi. Mtoto alitanguliza miguu. Alikuwa wa kiume, aliishi asubuhi moja. Mama yake alipona. Habari nilizipata Homa Bay kutoka kwa wanawake wachuuzi wa samaki, walioshusha makapu yao kwanza, wakajipangusa mikono, ndipo wakaniambia. Siku hiyo nilikaa ofisini na kalamu mkononi, sikuandika kitu.

Matanga yalipokwisha mjomba alikuja Homa Bay. Alikuja na furushi la samaki wakavu, akasimama mlangoni pa ofisi mpaka nilipomwona. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa nimetayarisha hata majibu, kisha nikayatupa, kisha nikayatayarisha tena.

"Nipeleke Lambwe," akasema.

"Kufanya nini, nera?"

"Kuona."

Tulipata lori la mahindi. Redioni siku hizo walikuwa wakisema majimbo yanaondolewa, kwamba serikali sasa itakuwa moja na fedha zote zitatoka mahali pamoja. Dereva aliniuliza kama hilo ni jambo jema, na mjomba akanitazama anisikie. Nilisema sijui. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kulisema neno hilo kabla.

Zahanati ya Lambwe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, na mbele yake uwanja uliofyekwa vichaka vyote ili mbung'o wasipate kivuli. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, na hata leo sijui niliomba nini: tuikute imefungwa, mjomba apate wa kumkasirikia, au tuikute wazi.

Ilikuwa wazi. Watu walikaa kwenye benchi na wengine chini. Mzee mmoja alikuwa amelala kichwa kimeegemea bega la mkewe, na mke alikuwa anamfukuzia nzi. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alitoka na chupa mkononi akatuuliza nani mgonjwa.

"Hakuna," mjomba akasema. "Nauliza tu, mama. Mwezi huu umelipwa?"

Muuguzi akashangaa. "Nimelipwa."

"Na dawa iko?"

"Kidogo. Iko."

Mjomba akaitikia kwa kichwa. Akamkabidhi lile furushi la samaki, bila kusema ni la nani. Kisha akakaa mwisho wa benchi, karibu na msichana mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga, mdogo hata shingo haijakaza. Mjomba akanyoosha mikono, na yule msichana, kama wafanyavyo wasichana wa kwetu kwa mzee, akampa mtoto bila kuuliza. Alimpakata vizuri. Mikono yake, iliyokuwa na makovu ya kamba za nyavu, ilimzunguka mtoto mzima.

"Alizaliwa hapa?" akauliza.

"Hapa. Alikuwa na shida, muuguzi akamtoa." Msichana aliunusa mkono wake uliogusa kanzu ya mjomba, akatabasamu. "Baba, umetoka ziwani?"

"Mfangano."

"Huko samaki ni wengi. Nyinyi mna bahati."

Mjomba alimtazama mtoto.

"Ndiyo," akamwambia. "Tuna bahati."

Akamrudishia mtoto wake, akainuka, tukatoka kwenda kutafuta lori la kurudi.